Pesa za matibabu ya mama: nizibebe, nizitume au nizitie kwenye kadi?

BARUA

Assalaam alaykum, Bi Mshauri.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mkaazi wa Kisauni, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni ushonaji. Nakuandikia usiku wakati watu wamelala, kwa sababu mchana kila ninayekutana naye ana lake la kuniambia, na kichwa changu kimejaa maneno ya watu mpaka sijui langu mwenyewe ni lipi.

Mamangu ana ugonjwa wa valvu ya moyo. Tumehangaika naye mwaka wa tatu huu, na siku hizi akipanda ngazi mbili tu hushika ukuta kutafuta pumzi. Daktari wake wa hapa Mombasa alituandikia barua, tukawasiliana na hospitali moja ya Chennai, India, nao wakatuletea makisio: dola 7,500 kwa upasuaji na siku za kulazwa. Juu ya hizo kuna chumba cha kupanga karibu na hospitali akisharuhusiwa, chakula, dawa na teksi, kwa wiki tatu au nne. Tiketi na viza tumeshalipia. Ninayekwenda naye ni mimi, kwa kuwa kaka zangu wamebanwa na kazi na dadangu amejifungua majuzi.

Pesa zimepatikana, alhamdulillahi. Tulifungua kundi la WhatsApp la mchango, na watu wa mtaa, jamaa zetu wa Lamu na wateja wangu wa nguo wakatuma kwa M-PESA kidogo kidogo. Yuko mtu alituma shilingi mia mbili na akaomba radhi. Mama mwenyewe aliuza bangili zake mbili za dhahabu, ambazo siku zote akisema ni za mjukuu wake wa kike wa kwanza. Jumla tumefika shilingi 1,280,000. Dola ikiwa karibu shilingi 130, hizo ni kama dola 9,800.

Kwa hivyo shida yangu, Bi, si kukosa pesa. Shida ni namna ya kuzifikisha.

Kakangu mkubwa, ambaye ndiye mweka hazina, anataka zote ziwe dola taslimu na nizibebe mwenyewe. Zamani alikwenda Dubai kununua vipuri vya magari, siku ya pili kadi yake ikakataa. Akapiga simu benki yake hapa nyumbani, hakuna aliyeshika. Siku mbili alikula kwa kukopa kwa mtu wa kwetu aliyemkuta hotelini. Tangu siku hiyo ukimtajia kadi anakuwa mkali. Hoja yake ni moja: fimbo ya mbali haiui nyoka. Tena anasema chini ya dola elfu kumi hakuna anayekuuliza uwanja wa ndege, kwa hivyo 9,800 zinapita bila neno.

Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi Nairobi. Yeye anaona hayo ni mambo ya kale. Anataka pesa zote ziingie kwenye akaunti yake, anipe kadi yake na namba ya siri, nikifika nichomeke tu kwenye mashine. Kakangu hajasema wazi kwamba hamwamini, ila kila mdogo akizungumza yeye hutazama pembeni.

Mume wangu naye ana rafiki mwenye duka Biashara Street. Huyo amesema tumpe shilingi hapa, apige simu moja, na mtu atanikabidhi rupia mlangoni kwangu Chennai. Hakuna makato, kiwango ni kizuri, hakuna karatasi. Mume wangu anasema wafanyabiashara wamefanya hivyo tangu enzi za babu zao.

Shangazi yangu hataki kusikia yote hayo. Amenipa kitambaa cha pamba nishone mshipi wa kuvaa ndani, wenye mifuko mitatu yenye zipu. Nimeshashona mfuko mmoja.

Jumamosi iliyopita tulikaa mkekani kwa mama. Kaka alikuwa ameshaniletea dola 3,000 alizokwisha kuzikusanya. Mama alizichukua noti moja moja akizitazama kwenye mwanga wa dirisha, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kununua. Mbili za mia zilikuwa zile za zamani za kichwa kidogo, na nyingine ilikuwa na muhuri wa wino wa buluu pembeni. Asubuhi yake nilikuwa nimezipeleka duka la kubadilisha pesa Moi Avenue, nikaambiwa hizo tatu hawazitaki. Nilipolisema hilo, kaka alinyamaza kimya. Kumbe alizipokea kwa mteja wake. Mdogo wangu, aliyekuwa kwenye simu, akasema, "Si niliwaambia?" Kaka akanigeukia mimi: "Wewe hujawahi kushika hata laki mbili za kwako. Leo ndiye wa kuchagua?" Mama akaziviringisha pesa zote kwenye pembe ya leso yake, akafunga fundo, akasema, "Bora nikae na maradhi yangu kuliko wanangu kugombana juu yangu."

Tangu siku hiyo silali vizuri. Naona nimesimama uwanja wa ndege, mshipi haupo kiunoni. Naona mama yuko kwenye kitanda cha magurudumu na karani ananirudishia kadi akitikisa kichwa. Na kwenye kundi la mchango mtu ameshauliza, "Hesabu atatoa nani?" Atakayetoa ni mimi, kwa njia ambayo sikuichagua.

Nimtii kaka kwa sababu ndiye aliyesimama mahali pa baba? Au niseme langu? Na langu lenyewe liwe lipi? Zimebaki wiki nne.

Binti wa Kisauni

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu. Mungu amponye mama na akutie nguvu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikwama pale penye leso, mama akifunga fundo. Mnajadili dola, kadi na rupia, naye aliyeuza bangili zake anasikiliza kutoka pembeni ya mkeka. Nitarudi kwake.

Nilivyokuelewa, umewekewa njia tatu, na kila njia ina mtu nyuma yake anayempenda mama. Kaka anaogopa pesa kuwa mbali. Mdogo anaogopa pesa kupotea. Mumeo anaogopa makato. Wewe unaogopa kubeba lawama ya njia iliyochaguliwa na wengine. Hofu zote hizo zina msingi. Kwanza lakini nikuulize jambo dogo: nani aliyesema pesa zote lazima zisafiri kwa njia moja? Kaka anasema zote taslimu, mdogo anasema zote kwenye kadi, rafiki wa mumeo anataka zote mkononi mwake. Nimeona ninyi nyote mmelikubali hilo neno "zote" bila kuligusa.

Ukizitazama vizuri, pesa hizo zina kazi mbalimbali. Kuna za hospitali: ni nyingi, kiasi chake kinajulikana, na zinakwenda mahali pamoja. Kuna za kila siku: machungwa, teksi, sabuni, chai ya usiku ukimngojea mama. Na kuna zile ambazo hakuna ajuaye kama zitahitajika, siku daktari akisema alale siku tano zaidi. Njia inayofaa kazi moja yaweza kukutesa kwenye nyingine.

Nianze na kakako, maana naona yeye ndiye mzito kwako. Aliyoyapata Dubai ni kweli, na mtu aliyelala njaa ugenini hasahau. Lakini ile hesabu yake ya dola elfu kumi ni nusu ya habari. Dola 10,000 ni kiwango cha Kenya: anayetoka au kuingia nchini na kiasi hicho au zaidi hutakiwa kutangaza kwa forodha. India wana chao. Mgeni anayeingia na noti za kigeni zinazozidi dola 5,000, au noti pamoja na hundi za safari zinazozidi dola 10,000, hutakiwa kujaza fomu ya kutangaza fedha pale pale uwanja wa ndege. Kwa hivyo 9,800 za kaka zinapita kimya hapa kwetu, lakini kule zina fomu. Kutangaza si kosa, wala hutozwi kodi kwa kutangaza. Unajaza, wanagonga muhuri, unaitunza karatasi. Hatari iko kwa anayenyamaza, halafu akapekuliwa na mama mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu akisubiri.

Liko na la pili, na hili nadhani kaka hajaambiwa. Tangu Aprili 2017 sheria ya kodi ya India inakataza mtu au taasisi kupokea taslimu kuanzia rupia 200,000 kutoka kwa mtu mmoja kwa siku moja. Hata ukigawa malipo kwa siku kadhaa, sheria inatazama pia kama ni ya shughuli moja. Rupia hizo ni kama dola elfu mbili na ushei. Bili yako ni 7,500. Basi unaweza kuvuka bahari na mshipi umejaa, ukafika dirishani na karani akawa hana ruhusa ya kuzipokea, na usumbufu ukaanzia hapo. Kabla ya kubishana tena nyumbani, iandikie hospitali, wale wa dawati la wagonjwa wa kutoka nje, uwaulize kwa maneno ya wazi: mnapokea nini, kwa sarafu gani, na mnataka kiasi gani kabla ya mgonjwa kulazwa? Jibu lao likija kwa maandishi, mlisome mkekani kwa sauti. Kaka atakuwa anaisikiliza hospitali, si mdogo wake wa kike.

Njia ambayo hakuna aliyeitaja kwako ni benki kutuma pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali. Kwa kazi ile ya kwanza inastahili kutazamwa, ingawa nayo ina miiba yake. Huchukua siku kadhaa za kazi, na benki za India hufungwa Jumapili na pia Jumamosi ya pili na ya nne ya kila mwezi. Benki za katikati huweza kukata zao njiani, ukatuma 7,500 zikafika pungufu kidogo, na siku ya kulazwa ukaambiwa kuna deni. Ndiyo maana huulizwa mapema nani anabeba makato: unaweza kuomba yote yawe ya mtumaji. Jina la mama na namba yake ya hospitali viandikwe kwenye maelezo ya malipo. Na tafadhali, mwanangu, namba ya akaunti msiiamini kwa sababu tu imekuja kwa barua pepe. Wezi huingia katikati ya mawasiliano na kuleta "akaunti mpya". Tafuteni namba ya simu ya hospitali kwenye tovuti yao wenyewe, mpige, msomewe tarakimu moja moja.

Liulizeni na la marejesho. Bili ikiwa ndogo kuliko makisio, au upasuaji ukiahirishwa, mara nyingi pesa inayobaki hurudishwa ilikotoka. Ikitoka akaunti ya kaka, itarudi kwa kaka. Ikitoka ya mdogo, itarudi kwa mdogo. Hilo lizungumzeni leo, kabla halijawa ugomvi.

Sasa kadi. Mdogo wako ana hoja kwamba pesa ya kwenye kadi haidondoki barabarani. Lakini kadi yenye jina lake mkononi mwako ni kadi ya mtu mwingine. Namba ya siri benki humkataza mwenyewe kumpa mtu yeyote, hata ndugu wa tumbo moja. Karani akiomba pasipoti, majina hayatalingana. Na malipo mengine husubiri namba ya mara moja inayotumwa kwa simu ya mwenye kadi. Simu hiyo iko Nairobi, na India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Saa mbili asubuhi kule, mdogo wako bado amelala.

Kadi yenye jina lako ni habari nyingine. Wiki nne zatosha kufungua akaunti, hata ya dola, au kuchukua kadi ya kujazwa pesa kabla ya safari. Hapo ndipo kisa cha kaka kinapokuwa somo. Ingia benki kabla ya kuondoka uwaulize: kadi hii imefunguliwa kutumika nje? Kikomo cha siku ni kiasi gani, dukani na kwenye ATM? Makato ya kubadilisha sarafu ni asilimia ngapi? Nikipiga simu usiku, anashika nani? Waachie tarehe za safari na nchi unayokwenda. Laini yako ya simu iwashiwe romingi ukiwa bado Mombasa, ili ujumbe wa benki ukufikie. Na kama yawezekana, kadi ziwe mbili za benki mbili, zisilale mfuko mmoja.

Liko jambo moja la kwenye mashine ambalo watu wengi hupoteza pesa bila kujua. Utachomeka kadi, na kioo kitakuuliza: ulipe kwa rupia au kwa shilingi za Kenya? Shilingi zitakuvutia kwa sababu unazijua, na utaona hesabu yote imeshapigwa. Ukikubali shilingi, kiwango kinapangwa na wenye mashine, na mara nyingi ni kibaya kuliko cha benki yako. Chagua rupia. Na nyumba ya wageni ikishikilia amana kwenye kadi, pesa hiyo yaweza kukaa siku kadhaa bila wewe kuweza kuitumia, kwa hivyo usiihesabu kama ipo.

Kuhusu rafiki wa mumeo, nitasema kwa uangalifu, kwa sababu sitaki kumvunjia heshima. Hawala ni ya zamani pwani hii, na wengi wameendesha biashara kwa neno la mtu tu. Lakini sheria ya fedha za kigeni ya India haiiruhusu, na hapa kwetu kutuma pesa ni kazi inayotakiwa leseni. Rupia zitakazoletwa mlangoni hutajua zimetoka wapi, hutakuwa na risiti, na ukifika nazo hospitali utakutana na kile kikomo cha taslimu. Yule mtu akichelewa siku moja, utampigia nani? Na yule aliyetuma shilingi mia mbili akiuliza pesa zilipitia wapi, utamwonyesha nini? Muulize mumeo maswali haya kwa upole. Pengine alikuwa anataka tu kukupunguzia makato.

Nije kwa matumizi ya kila siku, ambako taslimu ya kaka ina nafasi yake. Chennai, ambayo wazee wetu bado wanaiita Madras, utaona hata muuza madafu ana kibandiko cha kulipia kwa simu. Ni UPI, utaratibu wao wa malipo uliozinduliwa mwaka 2016, na kwa mtu aliyezoea M-PESA utaona ni mambo yale yale. Lakini kwa kawaida huhitaji akaunti ya benki ya India. Wageni wametengenezewa mlango wao, UPI One World, mkoba wa simu unaojazwa pesa baada ya pasipoti kukaguliwa. Ukiupata vizuri, usiufanye tegemeo. M-PESA yako haitamlipa mwenye teksi, ingawa ile kadi yake ya Visa ya mtandaoni inaweza kukufaa kulipia chumba ukiwa bado nyumbani.

Kwa hivyo utahitaji rupia za karatasi, tena ndogo ndogo. Dola utakazobeba ziwe mpya, safi, bila muhuri wala mkunjo mbaya. Zile tatu alizopewa kaka, arudishiwe mteja wake mapema. Ukifika, badilisha kidogo uwanjani na nyingine kwenye duka lenye leseni, na risiti usitupe, kwa sababu ndiyo utakayoulizwa ukitaka kugeuza rupia zilizobaki kuwa dola. Rupia zenyewe hazitakuwa ngeni kinywani mwako. Neno letu pesa asili yake ni ya huko, laki vilevile, na mwaka 1888 zilitolewa sarafu za rupia na paisa zenye jina la Mombasa. Mweleze mama hayo mkiwa safarini, atafurahi.

Na zile za dharura si lazima zote ziondoke nyumbani. Zikibaki Mombasa, ndugu wanaweza kukutumia kupitia kampuni ya kutuma pesa yenye leseni. India inaruhusu mgeni kupokea hivyo, hadi dola 2,500 kwa mara moja, na taslimu isiyozidi rupia 50,000. Upande mwingine, siku ya dharura huja usiku, na mtumaji lazima awe macho. Pimeni ninyi wenyewe kiasi gani kikae huku na kiasi gani kiende nawe.

Sasa lile la "hujawahi kushika hata laki mbili". Najua lilichoma. Lakini rudi kwenye ule mkeka uutazame tena. Dakika moja kabla, kaka alikuwa ameaibika mbele ya mama kwa noti alizozileta kwa mikono yake, na mdogo wake amemchapa kwa maneno kwenye simu. Aliyekuwa karibu naye wa kumalizia hasira ni wewe. Sisemi alifanya haki. Nasema hwenda neno lile halikuwa hukumu juu yako, na ukilibeba kama hukumu utaingia kila mazungumzo ukiwa umeshashindwa. Ungemwendea peke yake, jioni, bila simu ya mtu mwingine kusikika, ukamwuliza ilikuwaje Dubai, kwa kirefu? Unaweza kumwambia unaogopa jambo lile lile analoliogopa yeye, ukamwonyesha jibu la hospitali. Yawezekana atalainika. Yawezekana pia atashikilia taslimu, na wewe ukaona amani ya nyumba ni bora kuliko ushindi. Hapo angalau ziende zimetangazwa, ziwe kwenye mfuko wa mkononi wala si kwenye sanduku linalopakiwa, na hospitali iwe imekwambia mapema utazilipaje. Kumtii kaka na kusema lako si mambo mawili yasiyokaa nyumba moja. Waweza kusema lote, halafu ukatii kwa macho wazi. Waweza pia kusema hapana kwa adabu. Moyo wako unaweza lipi, hilo unalijua wewe.

Nijiulize pia kwa niaba yako: je, kuna sehemu yako inayotaka kaka aamue ili kikiharibika kitu kisiwe chako? Hakuna aibu. Mzigo ni mkubwa. Lakini ukilijua hilo, utajua unachoomba unapoomba.

Hesabu utoe wewe au mtu mwingine, si lazima iwe ya kujitetea. Daftari moja, tarehe, rupia, kimenunuliwa nini, na picha ya risiti kila jioni kwa mtu mmoja mliyemchagua, ndiye awaambie wengine. Kundi zima lisikuulize bei ya ndizi ukiwa umekaa nje ya chumba cha upasuaji.

Kisha mama. Katika barua yako yote sijaona mahali alipoulizwa. Maradhi ni yake na bangili zilikuwa zake. Pengine atasema fanyeni mjuavyo. Pengine ana wazo, maana ndiye aliyeziona zile noti kwenye mwanga kabla hamjazungumza. Kaa naye siku ambayo hakuna kaka wala mdogo, mweleze kila njia kwa lugha yake, mwambie unachokiogopa. Usimfiche kwa kumhurumia. Alipofunga lile fundo alionyesha kwamba anaona kila kitu.

Ule mshipi malizia kuushona. Njia yoyote mtakayoishika, kutakuwa na noti chache za kuweka mle, pamoja na nakala ya pasipoti na namba ya simu ya benki kwenye kipande cha karatasi. Na ukifika mfuko wa tatu, mpelekee mama akauone. Muulize kama na yeye angependa ushone wake.